Udongo wa Masara na Okoko Wasiolala

Nyinyi mlioko kituoni siku hizi mmekuta viti. Mimi nilipoanza kazi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kulikuwa na kiti kimoja tu, na mwenye kiti, mkuu wa kituo, alikuwa na mgongo mbovu, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukikalia. Juzi kwenye chai ya kuniaga mliniambia niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani. Haya. Vyeo nitaviruka, maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya samaki waliokosa usingizi, juu ya udongo, na juu ya mimba yangu ya tatu, ambayo niliibeba kwa hofu kubwa.

Kituo kilikuwa tawi dogo la ofisi ya utafiti wa samaki ya Homa Bay, nyumba ya mabati karibu na ufuo wa Sori, Ziwa Victoria. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino, kwa sababu barua ilisema ni kazi ya maabara na mimi nikawaza sakafu. Sakafu ilikuwa matope. Owuor, mwendesha boti wetu, aliniangalia miguu, akaingia stoo, akatoka na gambuti.

"Vaa hizi, Nyar Lambwe. Zilikuwa za shemeji yangu, sasa hazina mwenyewe."

Nyar Lambwe ni binti wa Lambwe. Sikuwa nimemwambia natoka wapi, alikuwa ameshauliza wengine. Wengi wenu mlinijua kwa jina hilo hilo, na wachache walidhani ndilo liko kwenye kitambulisho.

Vifaa vyetu havikuwa vya kujivunia. Tulikuwa na matangi ya kioo tuliyoyaunganisha wenyewe kwa gundi, na moja lilivuja mpaka lilipovunjika. Tulikuwa na pampu ya hewa iliyoendeshwa kwa betri ya gari, na betri yenyewe ilitolewa kila mara pikapu ilipotakiwa kwenda mahali, kwa hiyo ilibidi mtu achague kati ya safari na samaki. Halafu kulikuwa na ile sahani ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe, unayoishusha majini kwa kamba kuona itapotea machoni kwa kina gani. Hivyo ndivyo tulivyojua maji ni machafu kiasi gani. Wavuvi waliiita sahani ya serikali, kwa sababu ilishushwa kila siku na haikuwahi kupanda na chakula.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Athmani, mzaliwa wa Lamu, mtu mwembamba aliyekunywa chai ya tangawizi hata jua likiwa kali. Kwa miaka mingi huko pwani alikuwa akizama na kuangalia samaki wa matumbawe. Si wanavyokula, si wanavyozaana. Hayo wengi walishayaangalia. Yeye aliangalia wanavyopumzika. Aligundua kwamba mito ikileta matope na matope yakatua juu ya matumbawe, samaki hawahami mara moja. Wanabaki pale pale kwao, ila hawatulii.

"Samaki mwenye njaa utamjua kwa tumbo lake," aliniuliza wiki ile ya kwanza. "Aliyekosa usingizi utamjua kwa nini?"

Nilisema kwa macho. Akanikumbusha kwamba samaki hafungi macho. Nikanyamaza, na nafikiri kunyamaza kule ndiko kulikonipatia kazi.

Ziwa letu halina matumbawe, lakini lina miamba, na miamba ina mashimo na nyufa. Humo hukaa okoko. Mnamjua: samaki wa sharubu, mwenye mwiba mgongoni unaoweza kukulaza na homa, anayelia kama mlango mkavu ukimtoa majini. Okoko hutoka usiku kutafuta chakula. Mchana kutwa hulala kwenye shimo lake, mara nyingine tumbo juu, mgongo umegusa mwamba, sharubu zimetulia. Bwana Athmani alitaka kujua matope ya mito yetu yanamfanya nini okoko akiwa amelala. Wakati huo mto Kuja ukifurika ulikuwa unaingia ziwani na rangi ya chai ya maziwa, na wavuvi walilalamika kwamba miambani hakuna kitu tena. Kila mtu alilaumu gugu maji. Bwana Athmani hakubisha, alisema tu gugu maji linaonekana na matope yaliyotua chini hayaonekani.

Kumwangalia samaki aliyelala ni kazi inayochosha kuliko kulima. Tulining'iniza pazia jeusi mbele ya matangi, tukalitoboa tundu la jicho, na unakaa nyuma yake kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuna manukato, hakuna kuongea, na usiguse kioo hata kidogo. Ukigonga kioo umemwamsha, na siku hiyo yote imeharibika. Nikisahau nikanong'ona, "Samaki hii imelala," sauti ya Bwana Athmani ilinijibu kutoka ncha ya pili ya pazia: "Huyu. Amelala. Ana roho."

Polepole nilianza kuona. Okoko aliyepumzika anapumua taratibu hata unadhani amekufa. Vumbi la matope likimwingia kwenye matamvua anayopumulia, kwanza sharubu moja inatikisika. Halafu anafungua mashavu kwa nguvu na kuyafunga, mara moja, kama mtu anayekohoa. Ndiyo, samaki anakohoa, msicheke. Akikohoa sana anatoka shimoni, anapepea mkia kufagia mlango wake, anarudi, anajaribu kulala, anakohoa tena. Siku nzima hivyo. Usiku ukifika anatakiwa kwenda kutafuta riziki na hana nguvu.

Tulipanga matangi matatu. La kwanza lilikuwa na mchanga safi wa ziwani. La pili lilikuwa na udongo wa shamba kutoka kwetu Lambwe. La tatu Bwana Athmani alilitaka liwe na matope ya Masara, kule wanakochimba dhahabu kwa mikono, kwa sababu mawe yanayosagwa kule yanatoa unga laini sana ambao mvua huupeleka mtoni. Alitaka kujua kama unga wa mawe ni mbaya kuliko udongo wa shamba.

Siku ya kwenda kuyachota hayo matope sikwenda. Nilikuwa na mimba changa na nilitapika tangu asubuhi. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, moja kabla sijamwambia mtu, nyingine baada ya mama mkwe kuwa ameshaanza kutafuta jina. Mume wangu alifundisha shule Homa Bay na tulionana mwisho wa wiki. Hatukuizungumzia hii ya tatu. Tuliipita kimya kama unavyopita penye mbwa mkali aliyelala.

Bwana Athmani na Owuor walirudi na ndoo mbili. Matope yalikuwa meupe-meupe, kijivu kidogo, laini kama unga wa muhogo. Nusu tuliiweka kwenye tangi la tatu. Iliyobaki tuliitandaza kwenye sahani ya bati ikauke dirishani mwa stoo, ili baadaye isagwe na kuchekechwa. Ikakauka, ikapasuka vipande vipande.

Sasa nieleze jambo ambalo wanawake wa huku hawahitaji kuelezwa. Mjamzito wa kwetu hutamani odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni kwa mafungu. Unatafuna, yananukia kama mvua ya kwanza, na kichefuchefu kinapungua. Mimi niliweka yangu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, juu ya rafu stoo, na kila mtu kituoni aliujua mkebe huo. Odowa ikipata unyevu haina raha, kwa hiyo tunaianika juani, kwenye sahani, dirishani.

Mnaona mambo yanakoelekea. Mimi sikuona.

Alasiri moja wingu lilitanda upande wa ziwa. Mimi na Bwana Athmani tulikuwa nyuma ya pazia na matangi yetu. Owuor alipita dirishani, akaona vipande vyeupe vya udongo kwenye sahani na mvua inakuja, akautazama mkebe wangu, akaukuta karibu mtupu. Akafanya ambalo jirani yeyote mwema angefanya. Alivikusanya, akavimimina kwenye mkebe wangu, akafunika, akaenda kuvuta boti.

Nilikula kwa siku kadhaa. Niliona udongo hauna ule uchachu, na una chengachenga kidogo. Nikafikiri mama wa sokoni amebadilisha mahali anapochimba. Nilikusudia hata kumwambia.

Kisha asubuhi moja Bwana Athmani akasimama mlangoni mwa stoo.

"Sahani yangu ya Masara i wapi?"

"Sahani gani?" Owuor aliuliza.

"Ya dirishani. Ya udongo."

"Ile ya odowa? Mvua ilikuwa inakuja, nikaiondoa. Nikamwekea Nyar Lambwe kwa mkebe yake."

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo yangu na kipande mdomoni. Nilikitema mkononi. Bwana Athmani hakuhitaji kuambiwa odowa ni nini. Pwani nako wajawazito hula udongo.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Kiasi gani?"

Niliufungua mkebe nikamwonyesha. Chini ulibaki unga tu.

"Unga wa mawe hauna neno," alisema, na nikaona anajitahidi kuituliza sauti. "Utapita."

Owuor ndiye aliyesema. Aliongea akiangalia chini. "Lakini mzee, kule tulikochota, wanatia ile dawa. Ile ya kushika dhahabu."

Zebaki. Bwana Athmani aliketi kwenye kile kiti kimoja ambacho hakuna aliyewahi kukikalia bila ruhusa. Nilimwomba anieleze yote, asinifiche. Akanieleza. Zebaki inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni zaidi ya mama yake. Inaenda kwenye ubongo. Mtoto anaweza kuchelewa kutembea, kuchelewa kusema, kutosikia vizuri. Lakini si kila zebaki ni sawa, na nyingine tumbo haliishiki, inapita. Hakujua iliyokuwa kwenye udongo ule ni ya namna gani, wala kama ilikuwemo.

"Kwa hiyo mtoto wangu?"

"Sijui, mwanangu."

Nilimchukia kwa jibu hilo. Ningependa anidanganye. Nimefundisha wengi wenu na mara nyingi nimewaambia kwamba neno gumu kuliko yote kwa mtaalamu ni hilo, mkadhani nawapa nasaha za kazi.

Nilikwenda kliniki Homa Bay. Sista aliyenipokea alikuwa mchangamfu na amechoka.

"Mama, wajawazito wote hapa wanakula odowa. Wewe si wa kwanza."

"Hii haikuwa odowa, sista. Ilikuwa udongo wa kazini."

Aliweka kalamu chini. "Na mbona ukakula udongo ya kazi?"

Akanipa vidonge vya damu na kuniambia nipunguze mawazo. Bwana Athmani alipeleka chupa ya matope Nairobi, kwenye maabara iliyokuwa na mashine ya kupima. Mashine ilikuwa inangojea kifaa kutoka ng'ambo. Kila tulipopiga simu ilikuwa bado inangojea.

Ndipo nilipoanza kukaa mbele ya tangi la tatu. Bwana Athmani alitaka kunihamisha kwenye tangi la mchanga, nikakataa. Ndani ya lile la tatu walikuwa okoko wanne wanaoishi kwenye udongo ule ule ulio tumboni mwangu, na mimi nilitaka kujua wanaendeleaje. Hilo halikuwa swali la utafiti. Nilikaa kwenye ndoo, jicho kwenye tundu, nikihesabu kikohozi chao, na kila kikohozi kilinichoma. Hawakulala. Wa tangi la pili, la udongo wa shamba, walisumbuka siku za mwanzo kisha wakazoea, wakafagia mashimo yao wakatulia. Wa tangi la tatu walifagia, unga ukapanda, ukarudi kutua polepole juu yao, wakafagia tena. Ule unga haukuwa na uzito wa kutua na kwisha.

Mimi nami sikulala. Mtoto akicheza tumboni niliogopa kwamba anahangaika. Akitulia niliogopa zaidi, nikajilaza ubavu, nikajibonyeza, nikanywa maji baridi, mpaka anipige teke. Yote niliyokatazwa kuwafanyia samaki nilimfanyia mwanangu. Mume wangu alikuja mwisho wa wiki, akanikuta nimekaa kitandani na mikono tumboni, akauliza nina nini. Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaenda nje, na nikasikia anapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Owuor aliacha kula nasi. Alipofika asubuhi aliniletea chupa ya maziwa kutoka kwa mke wake, maana alisikia mahali kwamba maziwa huosha sumu. Aliweka tu chupa juu ya rafu, pale pale mkebe ulipokuwa. Sikuwa na sababu ya kumlaumu na nilimwambia hivyo. Alijibu, "Kunywa tu." Niliyanywa mpaka nikayachukia, na mpaka leo chai yangu ni ya rangi.

Halafu okoko mmoja wa tangi la tatu akafa. Nilimkuta asubuhi amelala ubavu sakafuni mwa tangi, nikamwita Bwana Athmani. Bwana Athmani alimpasua mbele yangu bila kungoja nimwombe. Matamvua yalikuwa yamejaa unga, yamegandana kama ugali uliobaki sufuriani.

"Huyu ameuawa na vumbi," alisema. "Hakupata pumzi. Si dawa."

"Una hakika?"

"Kwa macho haya niliyonayo, ndiyo."

Nilitaka sana kuyaamini macho yake. Usiku huo nikagundua kwamba siwezi kungoja mashine ya Nairobi. Nilitaka kujua jambo moja tu: pale walipochota, dawa inatumika au haitumiki? Pengine Owuor aliona vibaya. Pengine waliitia mahali pengine, chini zaidi. Asubuhi nikamwomba Owuor anipeleke Masara na pikapu. Betri ikatolewa kwenye pampu, na Bwana Athmani akabaki akipuliza hewa kwenye matangi kwa pampu ya baiskeli. Mtu mwenye digrii mbili.

Masara tulikuta mashimo, vibanda vya turubai, na sauti ya mawe yanayopondwa. Owuor alinionyesha kidimbwi. Kando yake mwanamke mmoja alikuwa akiosha kwenye ubao ulioinama uliotandikwa gunia. Unga uliosagwa unapita na maji, na dhahabu nzito inabaki kwenye nyuzi. Alikuwa Mkuria, jina lake Boke, na tumbo lake lilikuwa limelitangulia langu kama mwezi hivi. Tukaongea Kiswahili, maana yeye hakujua Kijaluo na mimi Kikuria changu kinaishia kwenye salamu.

Aliangalia tumbo langu kabla ya uso. "Karibu, mama. Unatafuta dhahabu ama unatafuta bwana?"

"Nimeacha wote nyumbani. Natafuta kuuliza kitu." Nikamwonyesha kidimbwi. "Hapa mnatia ile dawa?"

"Huko juu tunaosha na maji peke yake. Hapa ndio tunatia."

Nilikaa chini, pale pale kwenye mawe. Ndiyo hiyo. Nilikuwa nimekuja na tumaini dogo na limekwisha kabla sijapumzika. Boke akaniuliza kama ni tumbo linauma. Sikupanga kumwambia, lakini nikamwambia yote: sahani, mvua, mkebe. Alicheka kidogo kwenye mkebe, na hata mimi nilitabasamu, kwa sababu kweli ni jambo la kuchekesha likimpata mtu mwingine. Kisha nikamwambia dawa ile humfanya nini mtoto.

Akaacha kuosha. Alitoa kichupa kilichofungwa kwenye kitambaa kiunoni mwake, akamimina kiganjani. Tone la fedha likabingirika kwenye mistari ya mkono wake. Mimi nikarudi nyuma.

"Hii ndio unaogopa?"

"Ndiyo hiyo."

"Wewe ulikula ngapi?"

"Mkebe mmoja. Haukujaa."

"Na umetoka huko Sori yote na hiyo tumbo, kwa sababu ya mkebe moja." Hakusema kwa dharau. Aliendelea kuangalia kiganja chake. "Sasa mimi niseme nini?"

Nilimwambia niliyoyajua. Asiishike kwa mkono mtupu. Asikamue kitambaa anachochujia dhahabu karibu na chakula. Akiichoma ili dhahabu ibaki, asiichomee ndani ya nyumba, maana moshi wake ni mbaya kuliko yenyewe.

"Nichome wapi?" aliuliza. "Nikichoma nje wataona. Wakiona, hiyo dhahabu si yangu tena."

Nilikuwa na jozi moja ya glavu za maabara kwenye mkoba. Nikampa. Alizivaa, na ya kulia ikapasuka kwenye kidole gumba kabla hajaimaliza kuvuta. Aliiacha hivyo hivyo, ili asiniudhi.

"Huyu wangu atakuwa sawa?" aliniuliza. "Wewe ni mtu wa serikali. Niambie."

Lilikuwa swali langu mwenyewe, na mdomoni nilikuwa na jibu moja tu, lile nililopewa.

"Sijui, Boke."

Alitikisa kichwa taratibu. Alirudisha dawa kwenye kichupa bila kumwaga hata chembe, akainama kwenye ubao wake. Nilipokuwa naondoka akaniita. "Ukizaa, mlete nimuone. Na wewe uone wangu."

Tuliandika ripoti yetu kabla sijaenda likizo ya uzazi. Ilisema kwamba matope humnyima okoko mapumziko, na kwamba unga wa mawe ni mbaya kuliko udongo wa shamba, kwa sababu hautulii. Juu ya zebaki tuliandika kwamba inafaa kuchunguzwa. Mtakuta sentensi hiyo kwenye ripoti nyingi za zamani, na sasa mnajua huenda nyuma yake kuna mtu.

Binti yangu alizaliwa Homa Bay, siku ya mvua, akalia mara moja kwa sauti kubwa. Mkunga akaniambia mtoto ni mzima. Nilimwuliza ana hakika, akanikazia macho. Mama mkwe alilia na kucheka kwa pamoja, na mimi nilikuwa nahesabu vidole. Furaha haikuniingia siku hiyo, niseme ukweli. Nilidondosha sufuria nyuma ya mgongo wa mtoto kuona kama atashtuka. Alishtuka. Kesho yake nikadondosha tena. Mume wangu akazificha sufuria. Nilihesabu kila neno alilochelewa kusema na kila jino. Watoto wa majirani walipotembea yeye alikuwa bado anatambaa, na kipindi kile nilikonda mpaka Bwana Athmani, aliyekuwa anajiandaa kurudi pwani, akaniuliza kama nala chochote. Owuor ndiye aliyekuwepo siku alipotembea. Mtoto alishika gambuti yake, akaiachia, akavuka stoo nzima akaangukia ndoo. Owuor alikaa sakafuni akaufunika uso kwa kofia yake.

Baada ya hapo nililala. Wiki nzima nililala kila nilipokaa.

Alipokuwa anakimbia vizuri nilimpeleka Masara, kama Boke alivyotaka. Kidimbwi kilikuwepo, lakini waoshaji walikuwa wengine. Niliwauliza Boke yuko wapi.

"Boke gani? Hapa Boke ni wengi."

Nikaeleza: alikuwa mjamzito wakati fulani, aliosha hapa. Mmoja akamkumbuka. Alisema shimo la mumewe lilikauka, wakahama, wengine walisema upande wa mpakani, wengine ng'ambo ya mpaka.

"Alijifungua?"

"Alijifungua. Kijana."

"Anatembea?"

Mwanamke alifikiri. "Walihama akiwa bado anabebwa."

Wakati naongea binti yangu alikuwa ameniponyoka. Alikuwa amekaa kwenye ule unga mweupe kando ya ubao, anauchota kwa viganja na kuumwaga, pamoja na watoto wawili wa pale. Nikakimbia, nikamnyanyua juu kwa nguvu hadi akalia, nikaanza kumpangusa mikono, mdomo, kucha, kwa kanga yangu. Nilipoinua macho wanawake wote walikuwa wameacha kuosha wananiangalia. Mama wa mmoja wa wale watoto alimwangalia wangu nilivyomshika, akamwangalia wake, akasimama, akaenda akamnyanyua pia. Akabaki amemshika kiunoni, anageuka huku na huku, akitafuta mahali pa kumweka chini.